Nyumba ya Milango Minne

Nilishaaga kwamba kesho asubuhi nasafiri. Mjukuu wangu hakubishana. Alinikalisha mbele ya kompyuta, akasema, "Mume wangu, njoo nikufundishe mchezo wa kuendesha maisha ya mtu."

Tukaunda mzee mwenye kofia. Akaniachia nimjengee nyumba, yeye akaenda kuanika nguo. Aliporudi, mzee wangu alikuwa kalala sakafuni, hoi.

"Babu! Milango minne, kitanda hata kimoja hakuna?"

"Mtu lazima awe na pa kutokea."

"Atoke aende wapi, na usingizi unamuua?"

Nilitaka kucheka nikashindwa. Mgongo wangu mwenyewe ulikuwa ukiniuma tangu juzi, na sikuwa nimemwambia mtu.

Nikamuuliza kitanda kinawekwaje. Nafasi ilipatikana penye mlango wa nyuma tu, basi nikaufuta mlango. Mzee akajikokota, akajifunika shuka.

"Anaamka lini?"

"Tumwache alale. Kesho nikitoka shule tutamwamsha."

"Haya, nitangoja nimwone," nikasema.

Mjukuu akakimbilia jikoni kumwambia mama yake asinifungie chakula cha safari.