Ile Meseji ya Maziwa

Mimi si mtu wa umbea. Muulize yeyote pale mtaani kwetu, Section 58, atakwambia Nekoye ana hasira za karibu na anakemea hata watoto wasio wake, lakini maneno ya kuzungusha hana. Ndiyo maana walipoona jina langu chini ya ile meseji, waliamini.

Ilikuwa Januari ya 2008, wiki ambayo Nakuru ilishika moto. Kura zilikuwa zimepigwa mwezi uliotangulia, na watu waliokuwa wakiazimana chumvi sasa walikuwa wakiulizana majina ya ukoo. Maduka yalifungwa. Tulijifungia ndani na simu zetu, na simu hazikutulia: nyumba fulani zimechomwa, barabara fulani imefungwa, usilale, waambie wenzako. Nusu ya hayo ilikuwa kweli, na hakuna aliyejua ni nusu ipi.

Alhamisi jioni ikaingia hii: "Msinunue maziwa ya kutoka Dundori. Yametiwa sumu. Tuma kwa wote unaowapenda." Sijamaliza kuisoma, mwanangu Sydney, wa miaka sita, akajikunja kwenye kochi na kutapika mpaka machozi yakamtoka. Na asubuhi ile alikuwa amekunywa kikombe kizima cha maziwa ya Dundori.

Sikuketi kufikiri. Nikaongeza maneno yangu pale mwishoni: "Ni kweli. Sydney wangu anatapika tangu jioni. Mimi Nekoye wa Section 58." Nikachagua majina yote kwenye simu, thelathini na moja, nikatuma mpaka kredo ya simu ikaisha. Nilijiona nimefanya jambo jema. Nilijisikia, Mungu anisamehe, kama niliyewakumbatia watu wangu wote kwa mara moja.

Maziwa yetu alikuwa akileta Mzee Hezekiah. Miaka minne alishuka kutoka Dundori kwa baiskeli ya kijani, mtungi umefungwa nyuma kwa mpira, kofia nyekundu ya sufu kichwani, jua liwake au mvua inyeshe. Hakuwa akiita. Aligonga mtungi kwa kikombe cha kupimia, mara tatu katika kila lango, nasi wanawake tukatoka na sufuria. Akishapima, aliongeza kidogo juu na kusema, "Hii ni ya Sydney." Kila nyumba yenye mtoto ilikuwa na nyongeza yake, na hakuwahi kukosea jina. Yeye na mimi hatukuwa kabila moja. Kabla ya Januari ile sidhani niliwahi kulifikiria jambo hilo nikiwa na sufuria mkononi.

Ijumaa hakuja. Moshi ulikuwa umetanda mjini, nani angekuja. Nikafua nguo ili mikono ipate kazi, na kwenye mfuko wa kaptura ya Sydney nikakuta kokwa tisa za plamu, pamoja na plamu moja nzima, ngumu kama jiwe. Nikamwita. Akakiri kwamba Alhamisi mchana alipanda mti wa jirani akala zikiwa mbichi. Alikuwa mzima kabisa. Alikuwa anaomba mkate.

Hapo ningeweza kusahihisha. Sikuwa na kredo, hiyo ni kweli, na kadi za kuiongeza hazikupatikana. Lakini mlango wa pili alikaa mama Natasha, na yeye alikuwa na kredo. Ningemwomba. Sikumwomba, kwa sababu niliona aibu. Nilijiambia nitatuma kesho mambo yakitulia, na kwamba meseji ni meseji tu, itapita kama zile nyingine.

Jumamosi asubuhi dada yangu alinipigia kutoka Bungoma. Alikuwa analia hata maneno hayatoki. "Pole, mdogo wangu. Pole kwa Sydney."

Nikamuuliza pole ya nini. Akanisomea: "Mtoto wa Section 58 amekufa kwa maziwa ya sumu. Mamake ni Nekoye. Muuzaji ni mzee wa baiskeli ya kijani na kofia nyekundu. Akionekana asiachwe."

Sydney alikuwa mezani, anachovya mkate kwenye chai ya strungi, isiyo na maziwa.

"Yuko hapa anakula," nikamwambia. "Hajafa."

"Sasa hii meseji?" akauliza, na laini ikakatika.

Nikatafuta jina la Hezekiah kwenye simu. Nilikuwa nimemhifadhi kama "Maziwa". Bila kredo ningeweza kutuma tu ile ya bure: "Tafadhali nipigie." Nikatuma. Nikatuma tena. Nikamaliza zote tano za siku hiyo, naye hakupiga. Nikajituliza kwamba yuko kwake, kwamba hakuna mtu mwenye akili timamu angeshuka Dundori siku kama ile.

Ndipo nikasikia, kutoka kona ya kuingilia mtaa, ko, ko, ko. Nikangoja agonge lango la pili kama kawaida yake. Hakugonga. Nikasikia tu sauti za wanaume wengi kwa pamoja.

Nilimsukumia Sydney kwa mama Natasha, nikamwambia funga, usifungulie mtu. Kisha nikakimbia.

Walikuwa vijana kama ishirini. Walikuwa wamepanga mawe barabarani, na katikati kulikuwa na tairi ambalo bado halijawashwa. Mbele yao alisimama Khaemba. Khaemba namjua vizuri: babake aliletwa Nakuru na kazi ya reli, yeye ni fundi wa mashine kiwandani, na Jumapili huimba besi katika kwaya yetu. Siku hiyo alikuwa ameshika panga. Mzee Hezekiah alikuwa amekalishwa chini karibu na tairi, kofia haipo, damu ikimtiririka sikioni. Baiskeli ilikuwa imelazwa. Mtungi tu ndio uliosimama wima kando, kwa kuwa waliogopa kuugusa.

Waliponiona wakanipisha. Mmoja alivua kofia.

"Mama Sydney, pole sana," Khaemba akasema kwa sauti ya chini. "Wewe rudi tu home. Hii maneno tutamaliza sisi."

"Sydney hajafa."

"Najua ni ngumu."

"Khaemba, nisikize. Alikula plamu mbichi, akatapika. Saa hii amemaliza chai. Huyu mzee hajafanya kitu."

Wakatazamana. Kijana mmoja nisiyemfahamu akatikisa kichwa. "Huyu mathe ameshikwa na shock. Auntie yangu alikuwa hivyo. Siku tatu anapakulia mtoto chakula na tulikuwa tumezika."

Khaemba akanisogezea simu yake. "Si ni wewe uliandika? Soma." Ilikuwa ile aliyonisomea dada, na chini yake maneno yangu na jina langu kweli.

"Pale kwa kutapika ndio yangu," nikasema. "Ingine sijui imetoka wapi." Hata mimi nilisikia jinsi ilivyokosa nguvu.

"Basi leta mtoto tumwone."

Nikamwangalia Hezekiah. Nikigeuka tu, dakika tano zingewatosha. Na nikimtuma mmoja wao, ningekuwa nimewaonyesha mlango wa mama Natasha, ambaye ni wa kabila moja na Hezekiah, na hilo nalo sikuwa tayari kulibeba.

Kikombe cha kupimia kilikuwa kimeanguka kwenye vumbi. Nikakiokota, nikakipangusa kwa leso, nikafungua mtungi.

"Hayajachemshwa, mama," Hezekiah akasema. Yalikuwa maneno yake ya kwanza.

Nilijua hayajachemshwa. Tangu utotoni maziwa mabichi yananigeuza tumbo. Nyumbani walikuwa wakinicheka. Nikanywa kikombe kizima mbele yao. Kijana wa auntie akasema huenda sumu iko chini, nikakoroga mtungi nikanywa cha pili.

"Sasa tutangoja," Khaemba akasema. "Nusu saa. Ukitapika, tunajua."

Nikaketi chini kando ya Hezekiah. Jua lilikuwa kali, na kutoka upande wa mjini upepo ulileta harufu ya mpira uliochomwa. Sikuwa nimekula kitu tangu jana yake. Tumbo lilianza kujisokota mapema, na nikajua kwamba uhai wa mzee huyu sasa uko kooni mwangu. Nikaanza kuhesabu. Sitini, dakika moja. Sitini, mbili. Nilikodolea macho tundu moja kwenye soli ya kiatu cha Hezekiah, nikauma ulimi. Simu za wale vijana zililia mifukoni mwao, moja baada ya nyingine, nao wakazitoa kusoma. Nilizichukia simu zile kwa moyo wangu wote, na yangu kuliko zote.

Dakika ya kumi na tisa maziwa yalipanda. Yalijaa mdomoni, ya moto na machungu. Nikafumba midomo nikayameza tena, na nilipoinua macho nikamkuta Khaemba ananitazama. Alikuwa ameona. Panga lilikuwa mkononi mwake, na wenzake wote walikuwa wameinamia simu. Alinitazama kwa muda mrefu, jinsi anavyonitazama kwaya ikipotea na anangoja mimi nishike sauti.

Kisha akaangalia saa kwenye simu yake. "Nusu saa imeisha," akasema kwa sauti ya kila mtu kusikia. "Mathe ako sawa. Wachaneni na mzee."

Haikuwa imeisha. Nilikuwa nahesabu.

"Apitie kwa mashamba," akaniambia huku akiinua baiskeli. "Barabarani kuna wengine, na hao hawaimbi na wewe."

Tulitembea bila kugeuka mpaka tukauzunguka ua wa miiba ya kayaba. Hapo nikatapika kila kitu. Hezekiah alisimama akishika baiskeli, ameangalia pembeni kwa heshima. Nilipomaliza akatia mkono kwenye koti, akatoa pakiti ya glukosi.

"Hii nilimletea Sydney," akasema. "Nilijua maduka ya huku yamefungwa. Changanya na maji, hata wewe unywe."

"Nani alikwambia Sydney ni mgonjwa?"

"Si wewe uliniandikia."

Majina thelathini na moja. Nilikuwa nimechagua yote, na "Maziwa" lilikuwa miongoni mwao.

"Na ukasoma yote? Ile ya sumu?"

"Nilisoma."

"Na bado ukakuja, mzee?"

Alikuwa anakaza mpira wa mtungi. "Ya sumu nimetumiwa na watu wengi," akasema. "Hiyo ni ya kila mtu. Ya mtoto kutapika ndiyo uliandika wewe."

Nililia pale, bila kuficha uso. Yeye akafungua tena mtungi, akachota kikombe kikajaa, kisha akaongeza kidogo mpaka maziwa yakamwagikia vidole. "Ya Sydney," akasema, akanikabidhi kikombe chenyewe kwa kuwa sikuwa na sufuria. "Chemsha."

Akasukuma baiskeli kuelekea mashambani, kichwa wazi, na nikabaki nimeshika kikombe kwa mikono miwili.

Hajarudi kugonga mtungi mtaani kwetu. Nasikia yuko hai, aliacha tu kushuka. Kadi zilipopatikana nilimwandikia nisamehe, na simu ikaonyesha imefika, lakini hakujibu. Kikombe chake kiko kwenye kabati, nimekiosha. Dundori si mbali, na barabara ilifunguliwa zamani. Kila Jumamosi nakitoa, nakipangusa, na kujiambia nitakipeleka kesho.