Meza ya Dirishani

Mtenda husahau, mtendewa hasahau. Mimi nilitendewa miaka minane iliyopita, Jumamosi, saa kumi na moja na robo jioni, mbele ya watu waliokuwa wakila kuku.

Siku hiyo mimi na mke wangu tulikuwa tumetimiza miaka thelathini ya ndoa. Nilimpeleka kwenye mkahawa wa bwana mmoja ambaye mtaa mzima unamwita Manukato, kwa sababu harufu yake hufika mezani kabla yake. Nilichagua saa ya nafuu, ile ya jioni ambayo bei hukatwa nusu ili viti visikae bure. Sioni aibu kulisema hilo. Mshahara wa mpanga herufi katika kiwanda cha chapa haukuwa wa kutapanya, na samaki wa nusu bei ana miba ileile. Tulipewa meza ya dirishani. Mke wangu alikuwa amevaa gauni la buluu alilolishona mwenyewe. Aliweka kiwiko juu ya meza akatazama barabara, kama mtu aliyefika alikokuwa akienda.

Kabla hatujamaliza supu wakaingia watu wanne wenye suti. Manukato akaja, akagonga meza yetu kwa kidole.

"Mzee, sogeeni kule nyuma."

Kule nyuma ni karibu na mlango wa choo. Kisha akasema kwa sauti ya kusikika hadi jikoni: "Watu wa nusu bei hukaa nusu kiti."

Wenye suti wakacheka. Mhudumu naye akacheka, labda kwa kuogopa kazi yake. Tukahamia nyuma, tukamaliza supu, tukarudi nyumbani. Tangu siku hiyo mke wangu hakukubali tena kwenda kula nje nami. Nilimbembeleza kwa kila namna.

"Mama, pale kona wana mchuzi mzuri. Twende."

"Nenda tu, baba. Mimi nitakula nyumbani."

Miaka minane, jibu hilohilo, kwa sauti ileile ya upole. Afadhali angefoka.

Nilipostaafu nilianzisha Karatasi. Ni ukurasa mmoja tu, hutoka kila mwezi, na wenzangu wa zamani kiwandani huuchapa kwenye mabaki ya karatasi. Hubandikwa kwa kinyozi, kwenye zahanati na ukutani pa posta. Humo wastaafu husoma ni mkahawa gani wenye chakula kizuri, nani anaanza saa ya nafuu saa ngapi, nani anajaza bilauri bia na nani anaijaza povu. Sheria zangu ni chache. Nakwenda mara tatu, siku tofauti. Nalipa mwenyewe. Sipokei cha bure hata kijiti cha kuchokolea meno. Kwa hiyo watu wanaiamini. Nikiusifu mkahawa leo, kesho hupati kiti.

Juu ya Manukato sikuwahi kuandika neno. Nilijua nikishika kalamu nyongo itaingia kwenye wino, na Karatasi ikisema uongo mara moja, basi imekufa. Nikajikaza, nikangoja.

Mwezi uliopita akapaka tangazo jipya ukutani, herufi nyekundu ndefu kama mkono: SAA YA NAFUU KILA SIKU, SAA KUMI HADI SAA KUMI NA MBILI JIONI. VYOTE NUSU BEI. UKIKETI KABLA YA SAA KUMI NA MBILI, NUSU BEI NI YAKO MPAKA UTAKAPOONDOKA.

Mpanga herufi hasomi kama watu wengine. Yeye hutafuta kilichosahauliwa. Mikahawa yenye akili huandika chini, kwa herufi ndogo: meza ni ya saa moja tu. Wengine huandika: isipokuwa kukiwa na wageni maalumu. Manukato alikuwa na haraka ya kuvuta watu, hakuandika chochote chini. Nilisimama pale barabarani nikacheka peke yangu hadi muuza magazeti akaniuliza kama niko salama.

Nikaanza kwenda. Siku ya kwanza nikala samaki, na samaki alikuwa mzuri, jambo lililoniudhi sana. Siku ya pili supu ilikuwa ya moto na bia ya baridi, kama inavyotakiwa. Manukato alipita karibu yangu mara nne. Hakunitambua. Hilo liliniuma kuliko kidole chake.

Siku ya tatu nilimsikia akimwagiza mhudumu wake, dada mmoja mwenye miwani. "Alhamisi saa moja anakuja mkurugenzi na watu wake kumi na saba. Wakipenda chakula, tutalisha kiwanda chao chote mwaka mzima. Ikifika saa kumi na mbili unganisha meza za mbele zote."

"Na watu wa nafuu je, bosi?"

"Wale? Saa kumi na mbili wanakuwa wameshakwenda kulala."

Jioni ile nikaandika Karatasi, na kila neno lilikuwa kweli. Samaki mzuri. Supu ya moto. Bilauri zinajazwa. Ukiketi kabla ya saa kumi na mbili, hakuna wa kukuinua. Nikaongeza sentensi moja ya mwisho: Siku nzuri ya kwenda ni Alhamisi, na wenye subira wafike mapema.

Kwa kinyozi nilimkuta Dereva, mstaafu wa gari la wagonjwa, na Mkunga, mama wa miaka sabini na saba aliyezalisha nusu ya mji huu. Nikawaeleza yote.

"Kwa hiyo tunamkalia kooni," akasema Dereva.

"Tunakalia viti vyake," nikasema. "Tunaagiza, tunalipa, tunakula polepole. Hatuvunji hata kijiko."

"Mimi meno yangu ni matatu," akasema Mkunga. "Kipande kimoja cha kuku kinanitosha mpaka saa tatu."

Nikarudi nyumbani nikamwambia mke wangu. Alikuwa akichambua mchele.

"Mama, Alhamisi Manukato atakuomba radhi."

"Nani kakwambia naitaka radhi yake?"

"Lakini alikudhalilisha."

Alitoa jiwe moja kwenye mchele akalitazama kwa muda. "Nenda na wenzako, baba," akasema. Nikadhani ni ukaidi wa kike. Nilijisemea moyoni: akimwona yule bwana amepiga magoti, utaisha.

Alhamisi saa kumi na nusu hakikubaki kiti. Walikuja wastaafu wa reli, wa posta, wa shule na wa jeshi. Walikuja na miwani, fimbo na magazeti. Wawili walileta mchezo wa bao. Mimi nilichukua meza ya dirishani, nikaacha kiti kimoja wazi mbele yangu. Niliagiza glasi ya juisi tu, kwa sababu nilitaka nile na mke wangu.

Mwanzoni Manukato alifurahi. Alipita akisema, "Karibuni wazee wangu, karibuni sana." Saa kumi na moja na nusu akaanza kutazama saa. Saa kumi na mbili akamnong'oneza dada mwenye miwani, naye akapita kwenye kila meza akiuliza kama alete hesabu.

"Hesabu ya nini, mwanangu?" Dereva akamjibu. "Ndiyo kwanza nimetia chumvi."

Saa kumi na mbili na nusu Manukato akapanda juu ya kiti. "Wazee wangu, saa ya nafuu imekwisha!"

"Soma ukuta wako," akasema mwalimu mmoja kutoka nyuma.

"Nawaomba kwa heshima—"

"Usinipandishie sauti," akasema Mkunga, mfupa wa kuku mkononi. "Wewe nilikupokea mimi kwa mikono hii. Ulitanguliza miguu. Siku ileile nikamwambia mama yako, huyu atasumbua watu."

Mkahawa mzima ukalipuka kwa kicheko. Kicheko hicho nilikila kama mkate. Manukato akashuka kitini, jasho likishindana na manukato yake. Akamwuliza mhudumu jambo, mhudumu akanionyesha mimi kwa kidevu.

Akaja kwenye meza yangu. Safari hii hakugonga.

"Mzee wangu, wanasema wewe ndiye mkubwa wao. Nisaidie. Nina wageni saa moja."

"Unanikumbuka?"

Akanitazama usoni kwa bidii, kama mtu anayesoma bila miwani. "Mzee, wateja ni wengi."

Nikamkumbusha. Siku, saa, supu, suti, choo. Nikamrudishia lile neno lake la nusu kiti, neno kwa neno.

"Mimi nilisema hivyo?" akauliza. Na nadhani kweli hakukumbuka.

"Mke wangu yuko nyumbani, nyumba ya tatu baada ya posta. Nenda ukamwombe radhi kwa mdomo wako, uje naye hapa. Akiingia mlangoni, wenzangu wote watainuka."

"Mzee, zimebaki dakika ishirini!"

"Basi usitembee. Kimbia."

Akakimbia. Nilimtazama kupitia dirishani, mtu mzima mwenye tai begani, akiruka mitaro. Sitadanganya: utamu wake ulinifikia hadi kwenye vidole vya miguu.

Wageni wakawahi. Mkurugenzi, bwana mpole mwenye mvi, alisimama mlangoni na watu wake wakitafuta pa kukaa. Mkunga akamkaribisha. "Chakula cha hapa kizuri mno, mwanangu. Ndiyo maana unaona hatutoki."

Kisha watu wakapisha njia, na mke wangu akaingia. Hakuvaa la buluu. Alivaa gauni lake la kila siku, lenye unga kidogo kwenye mkono. Nyuma yake Manukato akihema kama mvuta mkokoteni. Mke wangu akaketi kwenye kile kiti, akaweka mkoba wake mapajani.

"Amekuomba?" nikauliza.

"Ameniomba. Mlangoni, majirani wote wakisikia. Karibu abusu kizingiti."

"Basi, mama. Yamekwisha."

"Yamekwisha yapi?" Hakunong'ona. Watu wa meza za jirani wakageuka. "Huyu nilimsamehe kabla hatujafika nyumbani siku ile. Simjui, hanijui. Mtu wa njiani akikukanyaga mguu, unalala na maumivu miaka minane?"

"Sasa miaka yote hii ulikuwa na kinyongo na nani?"

"Na wewe."

Nikadhani sikusikia vizuri.

"Aliposema lile neno sikumtazama yeye. Nilikutazama wewe, baba. Nikasema, sasa mume wangu atasema kitu. Hata kimoja. Hata 'hapana'. Ukachukua sahani yako ukahama. Yangu nikaibeba mwenyewe."

Ni kweli. Niliibeba sahani, na nikatembea kwa uangalifu ili supu isimwagike.

Manukato akainama kando yetu. "Mzee, tulikubaliana. Wageni wamesimama."

Nikainua mkono. Neno langu ni neno. Dereva akaanza kuinuka, Mkunga akafunga mfupa wake kwenye leso, na wazee wote wakatoka mmoja mmoja, wakimsalimu mkurugenzi kwa adabu. Meza za mbele zikaunganishwa haraka. Ikabaki yetu.

"Na hii pia, mzee wangu," akasema Manukato. "Wako kumi na wanane. Bila hii hawaenei."

Mke wangu akanitazama. "Inuka basi," akasema. "Si umezoea?"

Magoti yangu, nakiri, yalikuwa yameshaanza kuinuka. Nikayashika kwa mikono yote miwili chini ya meza.

"Hapana," nikamwambia Manukato.

"Mzee, tafadhali, tulisema—"

"Tulisema wenzangu. Mimi nakula na mke wangu. Hapana."

Sauti yangu ilitoka kubwa kuliko nilivyotaka, na mkurugenzi akageuka. Akaniangalia, akamwangalia mke wangu, akamwambia Manukato kwamba wawili wao watakaa kaunta, hakuna shida. Manukato akabaki amesimama na kitambaa cha meza mkononi, hana pa kukitandika.

Nikamgeukia mke wangu nikitarajia, sijui, labda tabasamu.

"Hilo neno lako limetoka jikoni likiwa limepoa," akasema. "Ila limefika."

Dada mwenye miwani akaja na kijitabu chake. Mke wangu akaagiza samaki mkubwa kuliko wote, wali, mboga za majani na kachumbari ya ziada. Hakuharakisha. Aliuliza samaki amefika lini, na amekaangwa kwa mafuta gani.

"Na mzee nimletee nini?" dada akauliza.

"Mzee ameshakula," akasema mke wangu.

Sikuwa nimekula tangu asubuhi. Tumbo langu likanguruma, nadhani hata yeye alilisikia. Lakini sikubisha. Samaki akaja, mzima, mwenye kichwa. Mke wangu akakunja mikono ya gauni lake, akaanza upande wa mkiani, taratibu, akipanga miba pembeni ya sahani. Nje watu walikuwa wakipita, wengine wakitazama ndani. Nikakaa wima pale dirishani, mikono mezani, nikamtazama akila mpaka alipomaliza.