Mkoba wa Kiunoni

Fundi cherehani yule hakujua kama ana wivu mpaka siku mkewe alipomwaga begi lake juu ya meza ya kukatia nguo.

Mkewe alikuwa mkaguzi wa bomba la maji. Kila siku ya kazi alitembea kilomita kumi na mbili, kutoka tangi la mlimani hadi mjini, akitafuta palipovuja. Kwa miaka mingi alibeba begi la mgongoni lililojaa kama la mtu anayehama. Sasa bega la kulia lilikuwa limeanza kumuuma, na muuguzi alimwambia waziwazi: punguza mzigo au badili kazi.

"Mume wangu, nishonee mkoba wa kiunoni," alisema. "Mdogo tu. Nataka nibebe ninavyovitumia. Kitu ambacho sijakigusa mwezi mzima kinabaki nyumbani."

Akaanza kuchambua kama mtu anayetoa mawe kwenye mchele. Mwavuli, kando. Koleo la pili, kando. Kwenye sanduku la dawa alichukua bendeji moja na plasta nne, sanduku lenyewe akalisukuma mbali. Filimbi ilibaki, maana huko bondeni simu haishiki. Zikabaki pia daftari na penseli, kiberiti cha gesi, na kamba nyembamba ya mita tatu. Alipoifikia tochi kubwa ya betri nne, aliipima mkononi mara moja tu, akaiweka kando.

Tochi ile alipewa na mumewe.

"Hiyo huitaki?" fundi aliuliza, huku akijifanya anakunja tepu ya kupimia.

"Mimi natembea mchana, na hii ni nzito kama tofali. Hiki kitochi cha kidole kinanitosha kuchungulia ndani ya chemba za bomba."

Kisha akachukua kisu cha kukunja, chenye mpini wa mti mweusi, wala hakukipima. "Hiki ndicho cha kwanza kabisa. Bila hiki sitoki nje."

Kisu kile alipewa na mwenzake wa kazi, mwanamume ambaye ofisi nzima ilimwita Twiga kwa urefu wake. Fundi alikuwa amekiona mara mia na hakikumkera. Siku hiyo kilimkaa kooni kama mwiba wa samaki.

Alishona mkoba kwa turubai ngumu, kila kitu na mfuko wake. Mkewe alipoingia kuoga, fundi alikipima kisu, halafu mfuko wake akaukata pungufu kwa nusu inchi.

Asubuhi mkewe aliujaribu. Filimbi iliingia, bendeji ikaingia, daftari likakaa kama limezaliwa humo. Kisu kikakwama.

"Labda si lazima ukibebe," fundi alisema, akitia uzi kwenye sindano iliyokuwa na uzi tayari.

Mkewe alimtazama. Alikata kipande cha kamba, akakifunga kwenye kisu, akakivaa shingoni na kukitumbukiza ndani ya blauzi. Huyo, akatoka.

Mchimba kisima huingia mwenyewe. Kisu kilichokuwa kikilala begini kati ya plasta na makoleo, sasa kililala kifuani mwa mkewe! Fundi alishinda kwenye cherehani, mguu unakanyaga, akili iko kwingine. Alishona mkono wa kushoto wa shati mahali pa mkono wa kulia. Mwenye shati alipokuja kulichukua aliuliza kama nguo ile ni ya mtu anayetembea kinyumenyume.

Siku ya tatu uvumilivu ulimwishia. Alifunga duka saa nane mchana, akaifuata njia ya bomba hadi kwenye chemba ya mwisho, karibu na barabara. Alijiambia anakwenda kumpokea mkewe tu. Alipotokeza kwenye kona aliwaona. Mkewe ameinama juu ya chemba, na Twiga amesimama nyuma yake, mikono yote miwili iko shingoni mwake.

"We!" fundi alipiga kelele, sauti ikamtoka kama ya jogoo aliyekanyagwa.

Twiga aligeuka, uso umejaa jasho. "Shemeji! Afadhali umekuja. Hebu mshike hapa bega. Kamba ya kisu imenasa kwenye usukani wa vali, inamkaba!"

Fundi alikimbia. Alimshika mkewe begani, Twiga akaikata kamba kwa kisu chake mwenyewe, mwanamke akainuka akikohoa. Shingoni pana mstari mwekundu, kana kwamba mtu amepachora kwa chaki ya kushonea.

"Mwambie mkeo aache kuvaa kisu kama mkufu," Twiga alisema, kisha akamgeukia mwanamke. "Si una mkoba wewe?"

Mkewe alikuwa anamtazama mumewe, na fundi akatamani chemba ile immeze.

Walishika njia ya nyumbani pamoja.

"Nusu inchi," mkewe alisema. "Miaka kumi na minane nakuona unashona. Hujawahi kukosea hata nusu ya hiyo."

"Sikukosea."

"Najua hukukosea."

"Tochi yangu uliitupa," fundi alisema. "Kisu chake ukakishika kama yai."

"Tochi yako ni nzito! Na kisu alinipa kwa sababu changu kilizama tangini siku namkatia yeye kamba. Alinilipa kisu changu, basi."

"Lakini ni mzuri yule bwana."

"Mzuri sana. Kila mtu ana macho. Unataka nifumbe yangu kilomita kumi na mbili?" Alisimama katikati ya njia. "Ukiwa na wivu, niambie kwa mdomo. Usinisemeshe kwa sindano."

Jioni ile fundi aliufumua mfuko, akaupanua, akaushona mara mbili pembeni. Mkewe alikitia kisu, kikaingia. Hakusema ahsante, na kwa siku mbili alizungumza na watoto wao tu.

Mwezi ulipoisha, wakaguzi wote walikuwa wameuona mkoba na kuutaka. Twiga alikuja wa kwanza, akainama mlangoni asigonge kichwa.

"Shemeji, nipime na mimi."

Fundi alimzungushia tepu kiunoni, ikapita juu ya kitambi. Mkewe alikuwa chumba cha ndani anakunja nguo, mlango uko wazi.

"Thelathini na tisa," fundi alisema. Kisha akarudia kwa sauti kubwa kidogo, kama vile daftari liko chumba cha ndani. "Inchi thelathini na tisa!"

Kutoka ndani alisikia mkewe akicheka, na hakuweza kujua anamcheka nani.