Gitaa la Ubeti wa Tatu

Tangu asubuhi Leta Tidwell hakutulia. Alikaa, akasimama, akaifunga kamba ya kiatu ambayo haikuwa imefunguka. Saa sita mchana albamu yake nzima ilitakiwa iwe imetumwa kwenye kiwanda cha santuri, na wimbo wa kumi ulikuwa bado unamtesa.

Wimbo huo aliuimba baba yake, mzee Virgil, mwanzishaji wa nyimbo katika kanisa ambalo ibadani halipigi chombo chochote, hata kinanda. Alikubali kurekodiwa kwa sharti moja: sauti yake isitiwe gitaa. Leta akaahidi. Mzee akaja studio na suti ya Jumapili, filimbi yake ndogo ya kutafutia noti ameisahau nyumbani. Akaokota noti kichwani, akaimba beti nne, akarudi kulisha ng'ombe.

Noti yenyewe iliangukia katikati ya noti mbili, gitaa lolote la kawaida lingeikosa. Lakini Cory, fundi wa studio, hajui kuacha vitu. Usiku kucha alilegeza nyuzi za gitaa mpaka zikakubaliana na sauti ya mzee.

"Sikiliza mara moja tu," alisema. "Halafu unipige."

Gitaa liliingia ubeti wa tatu, ngoma zikafuata taratibu. Leta akachukia jinsi lilivyokuwa zuri. Miaka miwili alikuwa akiutafuta mlio huo, na sasa umekuja mahali asipoutaka. Ahadi ni deni. Wanaosema hivyo hawakulisikia gitaa lile.

"Mzee hatajua," Cory alisema. "Redio ya gari lake ilikufa zamani."

"Washirika wenzake wa kanisa wote wana redio, Cory. Watampigia simu kabla wimbo haujaisha."

"Basi muulize mwenyewe. Kuuliza si ujinga, dada."

Leta akatoka nje, akazunguka gari lake mara mbili, ndipo akapiga simu.

"Baba, nina swali."

"La gitaa."

Leta akaegemea gari. Upande wa pili ng'ombe alilia.

"Usiniulize, mwanangu," mzee alisema polepole. "Tangu mama yako afariki sijakunyima kitu. Ukiniuliza nitakubali. Na nikikubali, Jumapili sitaweza kusimama mbele ya wale watu nikaanzisha wimbo. Sasa, swali lako lilikuwa nini?"

Leta akautazama mlango wa studio.

"Nilitaka kujua kama umekula."

"Nimekula. Maharage na mkate wa mahindi."

Alirudi ndani, akamwambia Cory asogee, akakaa mwenyewe mbele ya mashine. Akafuta ngoma kwanza, maana kuzipoteza hizo hakukumuuma sana. Kwenye gitaa mkono ulisita.

"Unauua wimbo bora kuliko yote," Cory alisema.

"Najua," Leta akajibu, akabonyeza.

Saa sita kasoro dakika kumi waliituma albamu, mzee akiimba peke yake, beti zote nne.