Baba, Stendi!

Kwenye steji ya boda pale Mbotela, Wanyoike alijulikana kwa mambo mawili: hakuwahi kwenda mbio akiwa na abiria mjamzito, na hakuwahi kukumbuka stendi. Angepanda pikipiki, awashe, aondoke na kile chuma cha pembeni kikining'inia chini, kikingoja kona ya kwanza kimwangushe. Tangu Waringa, bintiye wa pekee, alipokuwa na miaka sita, alikuwa akimkimbilia hadi langoni na kupaza sauti, "Baba, stendi!" Naye Wanyoike angekipiga chuma kwa kisigino, ainue mkono bila kugeuka, aende zake.

Ploti nzima, wapangaji wote wa ua ule, ilijifunza. Vijana wa steji walimfanya mchezo wao wa asubuhi. "Guka, stendi!" wangemwambia, wakimwita babu kwa lugha ya kwao, hata akiwa ameketi kwenye benchi akinywa chai.

Lakini kwa mwaka mmoja sasa, Waringa mwenyewe hakuwa amelisema neno hilo. Angesimama mlangoni, amwone babake akitoka na stendi ikiwa chini, kisha arudi ndani polepole.

Na leo Waringa alikuwa anasafiri. Alikuwa amepata kazi ya nyumbani ng'ambo, Uarabuni, kwa miaka miwili. Gari la wakala wa ajira lingemchukua yeye na wasichana wenzake kwenye kituo cha mafuta Donholm saa tano asubuhi, liwapeleke wote uwanja wa ndege. Wanyoike alikuwa ameomba ampeleke yeye mwenyewe hadi Donholm.

"Sawa," Waringa alijibu. Akaendelea kukunja nguo zake.

Wanyoike alikuwa na jambo la kumwambia. Alijua asipolisema leo, msichana angevuka bahari akiwa amebeba mzigo ambao haukuwa wake.

Jambo lenyewe lilianza Jumapili moja ya mvua, mwaka uliopita. Waringa alikuwa na mtoto wa miezi mitano. Hakuwa ameolewa, kwa hivyo mvulana alipewa jina la babake Waringa, na kama ilivyo desturi ya kwao, Waringa akawa anamwita mtoto "baba". Nyumba ile ya chumba kimoja na nusu ilikuwa na akina baba wawili, mmoja wa kubebwa.

Mchana wa Jumapili hiyo mtoto alianza kuvuta pumzi kwa shida. Waringa alimfunga kwa shuka, Wanyoike akatoa pikipiki, akapiga kiki. Kimya. Akapiga tena. Kimya. Waringa alipoona haijawaka alikimbia ndani kuchukua kitabu cha kliniki, na hata dakika mbili hakumaliza. Aliporudi alimkuta babake bado anapiga kiki, jasho na mvua vikimtiririka pamoja. Wanyoike akafungua plagi, akaipuliza, akairudisha. Akatikisa tangi asikie kama mafuta yapo. Yalikuwapo.

Gedi, jirani mwenye duka la jumla, alitoka na mwavuli akamfunika Waringa na mtoto. "Mzee, niache nilete gari."

"Itawaka sasa hivi," Wanyoike alisema.

Gedi hakubishana naye. Alimwachia Waringa mwavuli, akaenda akaleta gari hivyo hivyo. Lakini wakati huo mtoto alikuwa amekwisha kulegea, na hakufika hospitalini akiwa hai.

Ilikuwa jioni, watu wakiwa wamejaa nyumbani, Wanyoike alipotoka kuisukuma pikipiki iingie chini ya paa. Kidole gumba cha mkono wa kulia kikagusa ile swichi nyekundu ya kuzimia injini, pale kwenye usukani. Ilikuwa imezimwa. Labda ni watoto wa ploti waliichezea, labda ni mkono wa koti lake la mvua. Aliirudisha, akapiga kiki mara moja tu, na injini ikanguruma kama siku ilipotoka dukani.

Hakuna mwendesha pikipiki ambaye hajafanya kosa hilo. Pale steji lilikuwa kichekesho cha kila wiki: mtu anapiga kiki mpaka anatoka kamasi, wenzake wanamwacha achoke, kisha mmoja anakuja taratibu, anabonyeza swichi kwa kidole kimoja, na watu wote wanaanguka kwa kicheko. Ni kosa la kuchekwa. Nani angefikiri linaweza kumzika mtoto?

Wanyoike hakumwambia mtu. Siku ya maziko, dadake alimuuliza mbele ya watu, "Kwani mlichelewa wapi?" Na mdomo wa Wanyoike, ambao haukuwa umesema lolote siku nne, ukasema, "Tulichelewa kidogo. Waringa alikuwa anatafuta kitabu cha kliniki."

Waringa alikuwa amesimama karibu, udongo mkononi. Aliinua macho, akamtazama babake, kisha akayashusha. Hakukana. Siku hiyo Waringa alikitundika kile kitabu kwenye msumari nyuma ya mlango, mahali mtu anaweza kukichukua hata gizani. Mtoto hakuwapo tena, lakini kitabu kilikuwa pale. Na kila asubuhi kwa mwaka mzima Wanyoike alikiona kikiyumba alipofunga mlango.

Ndiyo sababu aliomba ampeleke. Alikuwa amejaribu mezani mara nyingi, akashindwa na uso wa msichana. Kwenye pikipiki angekuwa amempa mgongo. Alidhani mgongo utaweza.

Asubuhi hiyo Shamso, mke wa Gedi, alikuja kusaidia kufunga begi kubwa nyuma ya kiti kwa kamba za mpira. Wanyoike alikuwa amekwisha kukaa, kofia ya chuma kichwani, injini ikinguruma, akiyapanga maneno yake. Stendi aliitazama mara mbili. Ilikuwa juu. Swichi nyekundu aliigusa kwa kidole gumba, kama alivyoigusa kila siku tangu ile Jumapili, mpaka rangi yake ilikuwa imeanza kubanduka. Pikipiki ilishuka nyuma kwa uzito. Mkono ukashika bega lake, kama abiria anavyofanya akipanda, kisha ukaachia.

Akaondoka.

Pale steji vijana walisimama wote kwa pamoja. "Guka! Guka weee!" Kim, yule mrefu, alikuwa anaruka akionyesha kidole nyuma. Wanyoike akatazama chini. Stendi ilikuwa juu. Akainua mkono kuwasalimu, akaingia barabara ya Jogoo.

Alisubiri mpaka magari yapungue. Kisha akaanza.

"Waringa, nataka unisikie, usinijibu kwanza. Siku ile pikipiki haikuwa mbovu. Swichi ilikuwa imezimwa. Nilipiga kiki dakika kumi na swichi imezimwa, mimi, mtu wa miaka kumi na saba barabarani. Gedi alipotaka kuleta gari nikamzuia kwa sababu niliona aibu. Wewe kitabu ulikichukua na kurudi nikiwa bado napiga kiki. Hukutuchelewesha hata kidogo. Halafu nikasimama kaburini nikasema ni wewe."

Nyuma yake kulikuwa kimya. Alidhani analia, akapunguza mwendo.

"Sijui kama tungemuwahi. Hilo sijui, na sitakudanganya. Lakini kile kitabu kitoe pale mlangoni, mwanangu. Au niambie nikitoe mimi. Siwezi tena kukiona."

Aliongea hivyo mpaka Donholm. Alisema mambo ambayo hata hakuwa ameyapanga, kuhusu mamake Waringa aliyefariki, na jinsi mtoto alivyokuwa akimshika sikio. Alipoingia kituo cha mafuta alisimamisha pikipiki kando, akateremsha stendi, lakini hakugeuka.

"Nisamehe, mama," alirudia tena na tena. "Sema kitu, hata ukinitukana."

Kando ya lango alikuwa ameketi mwanamke mmoja, Khalayi, mwuza mayai ya kuchemsha. Alikuwa amemtazama kwa muda.

"Mzee," alisema kwa sauti ya chini, "huyo unayemwomba msamaha ni begi."

Wanyoike akageuka. Begi lilikuwa limekaa vizuri kwenye mipira yake. Mbele yake, kiti kilikuwa kitupu.

Vijana wawili wa pampu walicheka mpaka mmoja akashika nguzo. Khalayi aliwatazama wakanyamaza. Simu ya Wanyoike ilikuwa imepigwa mara tisa. Alipoipokea mara ya kumi, ilikuwa sauti ya Waringa, na upepo mwingi.

"Baba, ngoja hapo hapo! Niko na Kim, tunakuja!"

Walifika baada ya dakika chache. Waringa aliruka chini kabla Kim hajasimama vizuri. Alikuwa amekumbatia chupa ya chai ya chuma, na alikuwa anacheka.

"Baba! Umeniacha kama gunia! Naweka mguu nipande, Shamso ananiita nichukue chai ya njiani, nageuka hivi, wewe huyo unaenda! Nimekimbia na chupa mpaka steji!"

"Kila mtu ameona," Kim alisema akipangusa macho. "Guka anatupungia mkono kama chifu."

Wanyoike alimtazama bintiye. Hakuwa ameyaona meno yake kwa mwaka mmoja. Yale mashavu, yale mabega yanayotikisika, vyote vilikuwa vya msichana wa zamani aliyekuwa akikimbia hadi langoni. Maneno yote aliyoyamwaga barabarani yalikuwa yamekwisha, na sasa ilimbidi achague: amwache aende na kicheko hiki, au akichukue.

Gari la wakala lilikuwa limefika. Wasichana wengine walikuwa wanapakia. Wanyoike alianza kufungua mipira. Aliona kwamba angeweza kunyamaza, na hakuna ambaye angejua.

"Ndiye wewe uliyeachwa?" Khalayi alimwuliza Waringa, akimpa mayai mawili kwenye gazeti. "Chukua, safari ni ndefu. Babako ameongea na hilo begi mpaka nikaona haya kumkatiza."

"Ulikuwa unaniambia nini?" Waringa aliuliza, kicheko bado mdomoni.

Kim alimtazama mzee, akaona jambo usoni mwake. Akaisukuma pikipiki yake mbali kidogo, akajifanya anakagua gurudumu.

"Siku ile ya mtoto," Wanyoike alisema. Ilibidi aseme akiwa anamtazama. "Swichi ilikuwa imezimwa. Ile nyekundu. Niliijua jioni."

Alikiona kicheko kikitoka. Hakikutoka mara moja. Kilibaki kidogo mdomoni, kama mlango ambao mtu amesahau kuufunga.

"Imezimwa," Waringa alisema.

"Ndiyo."

"Kwa hivyo si kitabu."

"Haikuwa kitabu hata kidogo."

"Na ulijua siku ya maziko."

"Nilijua."

Dereva wa wakala aliita majina. Alipofika kwa Waringa aliwaona walivyosimama, akaruka jina lake, akaita mengine kwanza.

"Mwaka mzima, Baba," Waringa alisema. Hakupaza sauti. "Nilikuwa nahesabu hatua. Kutoka mlangoni hadi kwa droo, kutoka kwa droo hadi nje. Usiku naamka nahesabu, naona ningekimbia zaidi."

Wanyoike alifungua mdomo aombe msamaha, lakini lile ombi alikuwa amelimaliza kwa begi, na lililobaki lilikuwa dogo mno.

"Nisamehe," alisema hata hivyo.

Waringa akageukia pikipiki. Alilichukua begi mwenyewe. Babake alipotaka kulibeba, Waringa alisema, "Wacha," na akaliburuta hadi garini. Dereva alilipokea kwa mikono miwili. Mlango ukafungwa.

Wanyoike alisimama kidogo bila kujua aweke wapi mikono. Kisha akarudi kwenye pikipiki, kwa sababu hapakuwa na mahali pengine pa kwenda. Akakaa. Akagusa swichi. Akawasha. Macho yalikuwa yamejaa, hakuona vizuri hata pampu ilikuwa upande gani. Akaanza kusogea.

Gari la wakala nalo lilikuwa linatoka, likipita ubavuni mwake kuingia barabarani. Dirisha moja lilifunguliwa kwa nguvu.

"Baba!"

Akageuza kichwa. Uso wa Waringa ulikuwa umelowa wote, na haukuwa uso wa mtu aliyesamehe.

"Baba, stendi!"

Akatazama chini. Chuma kilikuwa kinaning'inia. Akakipiga kwa kisigino, akainua mkono kama zamani, na mara hii akageuka kutazama. Lakini gari lilikuwa limekwisha kuingia katikati ya malori, na madirisha yote yalifanana.

Kim alikuja akasimama kando yake. Hakufanya mzaha.

"Twende polepole, Guka," alisema. "Niko nyuma yako."