Mbeleko Juu ya Meza ya Kukatia

Binti alikuwa ameomba kitu kimoja tu. Hakuomba kitanda cha mtoto, hakuomba beseni, hakuomba ushauri, ingawa huo wa mwisho alipewa bila kuuomba, tena kwa wingi. Alipiga simu kusema kwamba akishajifungua atakuja nyumbani kupumzika, kisha akasema, "Mama, nitunzie ile mbeleko uliyonibebea. Nataka mwanangu alalie hiyohiyo."

Mama yake, ambaye mtaa mzima ulimwita Chapuchapu, naye akalichukua jina hilo kuwa sifa, aliitikia kabla binti hajamaliza kusema. Mbeleko ipo, kwani ingekwenda wapi? Siku hiyohiyo akaitoa sandukuni, akaifua, akaipiga pasi, akaikunja, na ili asije akaisahau akaiweka mahali ambapo mikono yake haikosi kufika kila siku: juu ya meza ya kukatia. Wazo zuri sana. Lingebaki kuwa zuri kama mashine isingeingia nyumba ile.

Chapuchapu alikuwa fundi wa mablanketi ya viraka. Alichukua vitambaa vizima, akavikata vipande vidogo, kisha akaviunga vipande hivyo kuwa kitambaa kizima. Mumewe, karani mstaafu mwenye nafasi kubwa ya kufikiri, aliwahi kumuuliza kwa upole kwa nini mtu akate kitambaa ili apate kitambaa. Alijibiwa kwa kisogo. Tangu siku hiyo maswali yake aliyaelekeza kwenye gazeti.

Mashine yenyewe, tuseme ukweli, ilikuwa kitu cha kuvutia. Ilikuwa na rola mbili za chuma na mpini wa kuzungusha. Unachukua ubao wenye visu vya umbo unalolitaka, visu vyenyewe vimejificha ndani ya sponji hata huwezi kuvidhania ubaya, unapanga vitambaa juu yake tabaka kwa tabaka, unafunika kwa bamba la plastiki, unazungusha mpini. Upande wa pili vinatoka vipande vimelingana kama vimezaliwa pamoja. Muuzaji alimhakikishia kwamba kazi ya wiki nzima ataimaliza asubuhi moja. Hakumwambia mchana atafanya nini.

Mchana alikata vingine. Alianza na blanketi la mjukuu, ambalo hakuna aliyeliagiza, akachagua ubao wa pembetatu kwa sababu pembetatu zinapangika vizuri. Asubuhi moja, kweli, akamaliza kulikata. Basi akakata la shangazi wa mkwe wake. Akakata la jirani wa kulia, na kwa kuwa hakutaka maneno, akakata na la jirani wa kushoto. Vitambaa vya dukani vilipokwisha akayageukia mashuka ya wageni, ambao ni kweli walikuwa hawaji, kisha mapazia ya jikoni, kisha kitambaa cha meza. Mumewe akaanza kulaza suruali zake chini ya godoro. Kila beseni la nyumba ile lilijaa pembetatu. Kushona, hapana, kushona alikuwa hajaanza, maana mashine ilikuwa inakata tu, lakini hilo lilikuwa jambo dogo la kushughulikiwa baadaye.

Na kwa kuwa alikuwa na haraka ya kuwahi huo muda aliouokoa, alijiwekea utaratibu. Kilichokunjwa juu ya meza ni cha kukatwa. Kukunjua kitambaa, kukitazama, kukikunja tena, yote hayo yalikuwa mambo ya watu wasio na mashine. Yeye alichota kwenye rundo, akalaza juu ya ubao, akafunika, akazungusha. Mpini ulikuwa mwepesi na mlio wake ulimpendeza, akawa anaimba.

Aliyegundua ni mzee. Alikuwa kibarazani na gazeti lake, miwani ikaingia ukungu, akanyoosha mkono kwenye beseni la karibu na kuchukua kipande cha kuifutia. Kilikuwa laini kupita kiasi. Akavaa miwani, akakitazama, akainuka, jambo ambalo hakulifanya mara kwa mara saa zile, akamfuata mkewe chumba cha kazi.

"Mke wangu, hiki umekitoa wapi?"

Chapuchapu, bila kugeuka, akasema kimetoka kwenye kitambaa, kwani vipande vingine vinatoka wapi?

"Hii alama ya pasi ni yangu mimi," mzee akasema.

Hapo akageuka. Katika maisha yake mzee alishika pasi mara moja tu, mtoto akiwa na homa na mkewe amekwenda kufuata dawa. Aliitia mbeleko doa la kahawia lenye ncha, akasimangwa kwa doa hilo miaka nenda miaka rudi. Sasa lilikuwa mkononi mwake, nusu yake, limekatwa kwa ustadi wa hali ya juu. Chapuchapu akaitazama meza. Ilikuwa tupu, safi, meza ya mtu mchapakazi.

Alikaa chini sakafuni. Hakuogopa kugombezwa, maana kugombezwa alikuwa na majibu yake. Alichoogopa alikijua mwenyewe. Binti yake alikulia chini ya neno moja, ngoja. Ngoja nimalizie mkono huu, ngoja mteja aondoke, ngoja nifunge uzi. Alipotaka kuonyesha jino lililong'oka aliambiwa angoje, na jino likapotea. Mahali pekee ambapo hakuambiwa angoje ni mgongoni, ndani ya mbeleko ile, alipokuwa hajui hata kuomba. Binti hakuwahi kulalamika. Aliomba kitambaa tu, kwa simu, kwa sauti ya kawaida, na mama yake alikuwa amemwelewa vizuri sana.

Wakamwaga mabeseni. Mzee alipiga magoti na miwani yake, akachambua kama alivyochambua barua enzi za ukarani, akitoa maoni kila baada ya muda kwamba kweli mashine hii ni ya haraka. Vipande vingi vilipatikana. Vile vya pembezoni vilikuwa vimeshafagiliwa na kwenda na takataka.

Akaanza kuunga. Cherehani ikagoma, maana kitambaa kilikuwa kimechakaa na sindano yake ilikichana, ikabidi ashone kwa mkono. Fundi aliyenunua rola mbili za chuma akakaa na sindano moja na subana ya kukinga kidole, akilowesha nyuzi kwa ulimi. Kadiri alivyounga ndivyo mbeleko ilivyopungua, kwa sababu kila mshono unakula kidogo huku na kidogo kule, na hapa mishono ilikuwa mingi kuliko kitambaa. Jambo hilo aliwafundisha siku ya kwanza wote waliokuja kujifunza kushona kwake. Alipomaliza aliipima kiunoni mwake akaona wazi kwamba haitatosha.

Mzee akashauri aongeze kipande kirefu kila upande. Ushauri mzuri. Wakatafuta nyumba nzima kitambaa kirefu wasikipate, kwa sababu kila kitu kilikuwa pembetatu. Chapuchapu akatamka kwamba kesho atakwenda dukani. Lakini kesho yake asubuhi, mapema kuliko walivyopanga, maana haraka alikuwa ameirithi, binti akaingia na mtoto mikononi na begi mlangoni.

Mtoto alikuwa analia tangu safari ilipoanza. Binti alisalimia, akabusiwa, akakalishwa, akainuka tena. Macho yalikuwa mekundu kwa kukosa usingizi.

"Mama, nipe mbeleko. Labda atalala."

Chapuchapu alikuwa na uongo wa aina mbili tayari. Wa kwanza ulihusu panya. Wa pili, aliouona bora zaidi, ulikuwa kwamba ameirembesha. Akaufungua mdomo ili atoe huo wa pili, kisha akaona aibu, akaenda akaileta na kumpa.

Binti akaikunjua. Akapitisha kidole kwenye mshono, kwenye mwingine, hadi akafika kwenye doa la pasi, ambalo nusu zake mbili zilikuwa zimekutana lakini si sawasawa.

"Umeikata."

"Ilikuwa kwenye rundo," mama yake akasema. "Sikuitazama."

"Najua, mama. Hukuwa mtu wa kutazama."

Hakulisema kwa hasira. Afadhali angekuwa na hasira. Chapuchapu alisimama, machozi yakamtoka mbele ya mumewe.

Mtoto, ambaye hayo yote hayakumhusu, akapandisha kilio. Binti akainama, akamweka mgongoni, akavuta mbeleko, mama yake akamshikia nyuma. Ikampita mtoto vizuri, ikazunguka kwapani, ikafika kifuani, ikaishia hapo. Ncha mbili zilitazamana na katikati palibaki nafasi ya kiganja. Binti akavuta. Hazikufika.

Chapuchapu akazunguka mbele, akazikamata ncha zote mbili kwa mikono yake, moja huku na moja kule, akazikaza.

"Tembea," akasema.

Wakatembea. Binti akienda mbele, mama yake akirudi kinyumenyume, uso kwa uso, kwa sababu hapakuwa na namna nyingine ya kushika. Walizunguka meza ya kukatia, wakaipita mashine, wakarudi. Kinyumenyume mtu haendi chapuchapu, hata awe nani. Alikanyaga pole pole, akimtazama binti yake, akaona kovu dogo chini ya nyusi ambalo hakukumbuka lilitokana na nini, akamuuliza. Binti akamsimulia, ni hadithi ndefu kidogo, ya shuleni. Kilio kikapungua, kikawa kwikwi.

Simu ikaita kibarazani. Mzee akaipokea, akachungulia mlangoni, akanong'ona kwamba ni mteja, anaulizia blanketi lake, na kwamba alisikia siku hizi kazi inakwisha asubuhi moja.

"Mwambie angoje," Chapuchapu akasema, na wakaanza kuizunguka meza upya.