Jina la Kuandika Kwenye Ripoti

Tarehe tatu Aprili watu wa Nainokanoka walipeleka ndama wao kwenye kibanio cha chanjo kabla ukungu haujaondoka. Wakangoja. Jua likapanda, likavuka utosi, na hakuna mchanjaji aliyefika. Ndipo Nosim alipopanda kilimani, mahali pekee penye mtandao, akampigia mwanawe Sairowua aliyekuwa ofisini Karatu mjini.

"Hawa watu wako hawajaja," alimwambia. "Na ndama wanazidi kufa."

"Wanakufa, yeyo? Tangu lini?"

"Tangu mwezi uliopita. Ni ndigana, hii ya kupe. Tulisema tuvumilie tu, tarehe tatu si mbali."

Sairowua alikata simu bila kuaga, jambo ambalo hakuwahi kumfanyia mama yake. Alivuta laptopu karibu. Kampuni aliyoitumikia ilikuwa na kazi moja tu: mfugaji anasajili namba yake ya simu, na wachanjaji wakishapanga siku, mfumo unamtumia ujumbe wa kumjulisha. Sairowua alikuwa amezunguka boma kwa boma huko kwao, akiwaambia wazee kwamba hawana haja tena ya kutuma kijana wa kukimbia na habari, simu itawaambia. Walimsadiki kwa sababu ni mtoto wao. Sasa alikuwa na mwaka mmoja kasoro tangu apewe uongozi wa waandishi wa programu wanne.

Ratiba ya wachanjaji iliandikwa 4/3. Ujumbe uliokwenda kwa wafugaji ulisema tarehe tatu mwezi wa nne.

Aliisoma mara tatu, akitumaini macho yamemdanganya. Wachanjaji walikuwa wamefika kweli, tarehe nne Machi, wakakuta ndama wa maboma mawili tu ambayo hayakuwa na simu na yalisikia habari kwa mdomo. Chanjo ile ikishayeyuka hairudi kwenye baridi. Wakaimwaga, wakaandika kwamba wananchi hawakujitokeza, wakashuka. Mvua zikaanza, kupe wakajaa majanini.

Haikumchukua muda kuona kosa lilikoingilia. Februari, Inosenti, kijana mgeni kuliko wote pale ofisini, alibadilisha sehemu ya mfumo inayosoma tarehe, ikawa inaanza na mwezi. Aliijaribu kwa tarehe ishirini na tano, na kwa kuwa hakuna mwezi wa ishirini na tano, mfumo ukaisoma vizuri. Chini ya mabadiliko yale palikuwa na mstari mmoja mfupi: yamesomwa na kupitishwa na Sairowua.

Hakuwa ameyasoma. Siku ile alikuwa kwenye kikao cha simu tangu asubuhi, Inosenti akamkumbusha mara mbili, naye akabonyeza kitufe cha kijani huku akiendelea kusikiliza kikao.

Jioni Lilian, mkurugenzi wao aliyekaa Arusha, alipiga simu. Sauti yake ilikuwa tulivu.

"Wafadhili wanataka ripoti Jumatano. Wanataka kujua ni nani na amechukuliwa hatua gani. Huyu Inosenti bado yuko kwenye miezi ya majaribio, sivyo?"

"Bado, dada."

"Basi iko wazi. Andika jina lake, tuachane naye kwa heshima, tuendelee. Usinifanyie ugumu, Sairowua. Kuna watu kumi na tisa wanakula kupitia kampuni hii."

Siku mbili Sairowua hakuweza kumeza chakula. Nosim alikuwa akimtumia ujumbe kila ndama akifa, bila maneno mengine, rangi yake tu: mwekundu, wa mabaka, mweusi mwenye nyota. Inosenti naye alikuja ofisini, akakaa mbele ya kompyuta bila kuiwasha, midomo imemkauka. Jumamosi, Sairowua alipoona kwamba akiendelea kukaa peke yake atafanya jambo la kijinga, alipanda pikipiki akaenda kijijini Daa kwa Dorkasi.

Dorkasi ndiye aliyempa kazi yake ya kwanza. Alikuwa ameongoza wahandisi wa programu miaka ishirini na miwili, Dar es Salaam kisha Nairobi, hadi mume wake Clemensi alipopatwa na kiharusi na yeye akaacha kila kitu, akamrudisha nyumbani. Sairowua alimkuta barazani akimnywesha mume wake uji kwa kijiko.

"Shikamoo, mama. Shikamoo, mzee."

"Marahaba. Umekonda. Kaa hapo, usinipindue hicho kikombe."

Alikaa, akaeleza yote. Dorkasi hakumkatiza. Kila mara alipanguza kidevu cha mume wake, akachota tena.

"Nimekuja kuuliza kama niache hii kazi," alisema. "Sikufaa kuwa kiongozi. Nilipokuwa naandika programu tu, nilikosea nikarekebisha, basi. Sasa nakosea na ng'ombe wa watu wanakufa. Nimefikiria niondoke kabisa. Niende mbali, nisijulikane."

"Mbali wapi?"

Dorkasi aliweka kikombe chini akamtazama kwa muda, na Sairowua akajua ameelewa kwamba "mbali" ile haikuwa mji wowote.

"Nani anajua uko hapa?"

"Hakuna."

"Simu yako isizimwe hata dakika moja, usiku wala mchana, mpaka nikuambie vinginevyo. Nikipiga, upokee. Tumeelewana?"

"Tumeelewana, mama."

"Haya. Sasa nijibu. Mabadiliko ya Inosenti uliyasoma?"

"Sikuyasoma."

"Basi ripoti yako inaanzia hapo. Kuna nini kingine cha kuuliza?"

"Mkurugenzi anataka jina la Inosenti."

Dorkasi alicheka kidogo, kicheko kisicho na furaha. "Mimi nililiandika," alisema. "Si la huyu, la mwingine. Tulikuwa Dar, mfumo wa benki ukalala siku nzima. Kulikuwa na binti, Germana, mwenyeji wa Mbulu, mimi mwenyewe nilimleta. Kosa lilikuwa lake, na langu, na la mkubwa wangu. Nikaandika lake peke yake. Mwezi uliofuata nikapandishwa cheo. Baada ya miaka sita nilitafuta namba yake nikampigia. Akaniambia nimekosea namba. Na sauti ilikuwa ni yake."

Clemensi alitoa sauti, akinyoosha mkono mmoja ulio mzima. Dorkasi akamshika.

"Wanawapeleka semina kuhusu uongozi, mnarudi na makabrasha," aliendelea. "Mimi nimebakiwa na mambo mawili tu. Usome kabla ya kupitisha. Na mambo yakiharibika, usimame mbele. Hilo la kwanza umeshalikosa, bado hilo la pili. Kabla hujaandika neno lolote nenda Nainokanoka ukawaambie watu wako kwa mdomo wako. Kisha andika. Lilian atakasirika, atapiga kelele, lakini hatakufukuza. Mtu aliyesema kweli hafukuzwi, ana thamani kubwa mno. Hilo nalijua vizuri."

Sairowua aliondoka akilishika neno lile la mwisho kama mtu anayeshika kamba.

Jumatatu alipata nafasi kwenye lori la mahindi, wakapita lango la hifadhi, wakazunguka ukingo wa kreta ndani ya ukungu. Lori lilikwama kwenye tope, naye akamaliza kwa miguu, saa mbili za kupanda. Watu walikuwa wameitwa. Walikaa karibu na kibanio, wamejifunika shuka hadi masikioni kwa baridi, na walipomwona hakuna aliyeinuka kumlaki.

Alizungumza kwa Kimaasai. Alieleza kwamba wachanjaji walikuja na kuondoka, kwamba siku na mwezi vilibadilishana mahali, kwamba kijana mmoja alikosea na yeye ndiye aliyepaswa kuliona kosa, na hakutazama.

Mzee Moloimet, aliyepoteza ndama kumi na mmoja, aliuliza taratibu, "Ulikuwa unafanya nini, hata hukutazama?"

"Nilikuwa kwenye kikao."

"Kikao cha nini?"

Sairowua alijaribu kukumbuka. Akakumbuka. "Cha kupanga vikao vingine," alisema.

Hakuna aliyecheka, na hakuna aliyemtukana. Afadhali wangemtukana. Mjane mmoja, Nasieku, aliinuka, akamfuata, akamnyooshea simu yake ndogo ya vitufe.

"Niondoe humo," alisema.

"Namba yako naijua, mama, nitaiondoa nikifika ofisini."

"Iandike sasa, nione."

Akaiandika. Mwingine akaja nyuma yake, kisha mwingine. Alikaa juu ya jiwe akiandika namba moja baada ya nyingine kwenye daftari, namba zilezile alizozikusanya kwa kubembeleza boma kwa boma. Yaliponyesha manyunyu aliinama kulifunika daftari kwa mwili wake. Namba sitini na tatu. Wa mwisho alikuwa mama yake mwenyewe.

"Na wewe, yeyo?"

"Ninaishi nao," Nosim alisema. Hakusema zaidi. Alimpa maziwa, akasimama pembeni hadi alipomaliza, akachukua kibuyu akaenda.

Jumanne aliandika ripoti. Ilikuwa ukurasa mmoja na nusu. Aliandika kwamba mabadiliko yalifanywa na mtumishi mpya chini ya usimamizi wake, kwamba yeye aliyapitisha bila kuyasoma, na kwamba tangu apewe uongozi alikuwa amepitisha mengine mengi hivyohivyo. Jina moja tu lilikuwemo. Kabla ya kuituma alimwita Inosenti akamsomea. Kijana alikuwa tayari na barua ya kuacha kazi mfukoni, imekunjwa mara nne.

"Kaka, tarehe niliigeuza mimi," Inosenti alisema.

"Wewe uligeuza tarehe. Mimi nilikuwepo ili mtu akigeuza tarehe ionekane. Chana hiyo barua."

Hakuichana, ila aliirudisha mfukoni.

Lilian hakupiga kelele. Alhamisi alituma ujumbe mfupi. Alimshukuru Sairowua kwa uwazi wake, akasema wafadhili wameona ni vema uongozi ubadilike, na akamwomba laptopu na funguo aziache kwa mlinzi kabla ya saa kumi. Inosenti abaki, kwa kuwa ndiye pekee aliyebaki anayeijua sehemu ile ya mfumo.

Sairowua alisoma ujumbe ule akiwa amesimama. Kisha akakaa sakafuni, mgongo ukutani. Alimpigia Dorkasi.

"Wamenifukuza."

Kwenye simu alisikia kuku, na Clemensi akikohoa.

"Nilikosea hapo," Dorkasi alisema mwishowe. "Nilikuambia kitu nilichotamani kiwe kweli. Nisamehe."

"Kama ungejua, ungeniambia niandike jina la Inosenti?"

"Sijui, Sairowua. Nisikudanganye mara ya pili." Akapumua. "Uko wapi saa hizi?"

"Ofisini. Sakafuni."

"Inuka. Peleka hiyo mashine kwa mlinzi, kisha panda pikipiki uje hapa. Utalala kwetu. Ninahitaji mtu wa kunisaidia kumgeuza mzee kitandani, mgongo wangu umekwisha."

Alikwenda. Alikaa Daa wiki tatu. Asubuhi alimgeuza Clemensi na kumuogesha, mchana yeye na Dorkasi waliandika barua za maombi, na Dorkasi alikuwa mkali kwa kila sentensi kama zamani. Kampuni mbili hazikujibu. Ya tatu ilimhoji kwa simu, na walipouliza kwa nini aliacha kazi, akawaeleza ilivyokuwa, kuanzia kibanio hadi ripoti. Upande wa pili wakasema watamtafuta. Hawakumtafuta. Baada ya simu ile alilala kitandani mchana kutwa, uso umegeukia ukuta, na Dorkasi akaja kila saa, akagonga mlango, akaita jina lake, akangoja ajibu, akaondoka. Hakuwa na ushauri mwingine wa kumpa, na hakujifanya kuwa nao.

Mwezi wa tano alirudi Nainokanoka, kwa kuwa hapakuwa na mahali pengine, na kwa kuwa ndama waliosalia walihitaji mtu wa kuwatoa kupe. Baadhi ya watu walimsalimia. Moloimet hakumsalimia.

Siku moja alipokuwa amepanda kilimani na mifugo, simu ikaita. Ilikuwa Inosenti.

"Kaka, samahani sana. Najua si kazi yako tena. Kuna mabadiliko yanatakiwa kuingia kwenye mfumo leo, yanahusu Arash na vijiji vya jirani. Nimeyajaribu, lakini wenzangu hawaijui sehemu hii, hapa hakuna mtu wa kuyasoma. Wananiambia nipitishe mwenyewe."

"Mimi sina kompyuta huku."

"Najua. Nimefikiria nikusomee. Mstari kwa mstari. Ni mistari arobaini hivi."

Upepo ulikuwa mkali. Sairowua alitafuta jiwe lenye kukinga, akachuchumaa nyuma yake, akaziba sikio moja kwa kiganja. Betri ilikuwa na sehemu moja iliyobaki. Ng'ombe walikuwa wakianza kutawanyika kuelekea bondeni, na alijua itambidi awakimbilie baadaye.

"Anza," alisema.

Inosenti akaanza kusoma. Alisoma haraka, kwa woga, akameza maneno. Alipofika mstari wa sita Sairowua alimsimamisha.

"Hapo. Rudia hapo, taratibu. Na uniambie, mtu akiacha hiyo sehemu wazi, inakuwaje?"

Inosenti alinyamaza, akifikiri. Sairowua alimngoja.